Jumamosi ya Viraka

Chini ya ardhi, mtaa wa Plagwitz, Leipzig.
Kahawa imepoa, lehemu inanuka,
nina meza, bisibisi sita
na simu tatu zimelala chali kama wagonjwa.

Ortrun Kessling akaingia akipangusa theluji begani,
miaka sabini na mitatu,
simu yake ndani ya soksi ya sufu.
"Sitaki inisikie njiani," akasema,
wala hakutabasamu.

Akataka kujua mfumo upi ulio bora.
Nikamwambia: inategemea unamkimbia nani.

Huu hapa ni wa mwenye wivu.
Kila programu ina chumba chake, kila chumba kufuli,
viraka vyake huwahi kabla jeraha halijanuka.
Ila haukai katika simu nyingine
isipokuwa ya kampuni ileile unayoikimbia:
umlipe kwanza mwenye nyumba
ndipo umfungie mlango.

Akacheka hapo, kicheko kifupi cha puani.

Huu una huruma na vikongwe.
Hufufua simu zilizokwisha kutupwa,
lakini mlango wa chini, ule wa kiwandani,
hubaki na bawaba yake kuukuu;
aliyeuunda keshaacha kuutia mafuta.

Huu nao ni wa maridhiano.
Huvaa barakoa ya kampuni ili benki isikutilie shaka,
hunong'ona na seva, kidogo tu.
Kidogo kiasi gani? Hapo waundaji hugombana
usiku kucha, kwa adabu, kisha bila adabu.

Wa nne sina. Nilikuwa nao.
Safi kama maji ya mvua,
na mama aliponipigia kutoka hospitali
haukulia.

Ortrun akavua miwani.
Akanieleza habari ya mvuke:
jinsi bahasha inavyofunguka juu ya birika
bila kuchanika, gundi ikilegea
kama mdomo wa mtu aliyelala,
na jinsi barua za kaka yake wa Hamburg
zilivyofika na mkunjo mmoja wa ziada.
Faili lake lina kurasa mia tatu na kumi na mbili.
Mna rangi ya mapazia yake.
Mna saa aliyozoea kuzima taa.
Mna jina la kupanga, na nyuma ya jina hilo wifi yake,
aliyemfundisha kuoka keki ya plamu.
Kikulacho kilikaa jikoni mwake, kikionja sukari.

"Nionyeshe ndani," akasema.
Nikafungua msimbo. Mistari ikashuka, ikashuka,
mahali fulani mtu wa Toulouse ameomba radhi
kwa alichokiandika saa tisa usiku.
"Siwezi kusoma hiki."
Najua.
"Lakini anayeweza, hakuna wa kumzuia?"
Hakuna.
"Na yupo aliyeusoma wote?"

Bomba la joto likagonga mara mbili ukutani.
Nikasema: vipande. Watu wengi, vipande vipande.

Akachagua ule wa huruma,
maana simu ni ya marehemu Gerold
na ufa wa pembeni aliutia Gerold mwenyewe.
Benki ataiendea kwa miguu, Jumanne.
Bawaba kuukuu anazijua.

Dakika arobaini. Tukala biskuti.
Kioo kikawaka kitupu:
hakikuuliza jina, hakikuuliza siku ya kuzaliwa,
naye akakikazia macho muda mrefu
kama mtu aliyezoea kuhojiwa
akiambiwa, basi, nenda.

Soksi aliiacha mezani.
Sijui kama alisahau.

Kwenye tramu, jioni, simu yangu ikatetemeka mfukoni,
ile ya kawaida, sijaigusa kitu tangu niinunue,
maana binti yangu hutuma picha kwa njia hiyo tu.
*Ulikuwa Plagwitz kwa saa saba.
Je, ungependa kupapa mahali hapa nyota ngapi?*

Nikaitumbukiza katika soksi ya Ortrun.
Ikaendelea kuwaka, sufu ikapitisha mwanga.